Mpima Damu Aliyengoja Jua

Dafroza Magesa hakuwa anapima damu bila jua. Hadubini ya zahanati yetu haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha duara kilichotaka mwanga wa dirishani, vinginevyo unachungulia giza tu. Kila asubuhi alitoka nje, akatazama juu upande wa Butiama, ndipo akaamua kama leo kuna kazi. Mawingu yakitanda, wagonjwa kwenye benchi walianza wenyewe kufunga kanga zao na kuondoka. Walimwita Mama Jua, naye aliitika.

Mimi Ursula ndiye niliyekuwa naosha slaidi zake, vile vipande vya kioo vya kuwekea damu. Nazungumzia mwaka wa themanini na sita, wakati hata sabuni tuliipangia foleni. Slaidi za kutumia mara moja na kutupa, sisi tulizitumia mpaka zikavunjika. Nilizisugua kwa majivu, Dafroza akaziinua moja moja kwenye mwanga na kunirudishia nusu.

“Ursula, hii bado ina damu ya juzi ya Pelagia mjamzito. Unataka mzee Mniko nimkute na mimba?”

Nilimchukia kila Jumatatu na kumpenda siku zilizobaki.

Mwezi Machi rangi ya kupakia damu, ile inayoonyesha vijidudu vya malaria, iliisha. Mganga wetu akasema basi, kila homa ni malaria, tugawe klorokwini tupumzike. Dafroza akakataa. Alisema iko homa isiyohitaji rangi, homa ya papasi. Papasi ni wale kupe wa kijivu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kumng'ata mtu akiwa amelala. Vijidudu wanavyomwachia huonekana kwenye tone la damu mbichi, vikijinyonganyonga kama nyuzi zilizo hai. Alivipata kwa watu wa Suguti, akavipata kwa watu wa Mugango. Ila ukimkuta navyo mtu anayelala juu ya sementi, hapo unatafuta ugomvi.

Na ugomvi ulikuja na jina lake: Masatu.

Masatu alikuwa anapeleka samaki wakavu Bunda, na mambo ya biashara yalipoanza kuwa ruksa, naye hakulala. Alijenga Bweri nyumba ya sementi kabla majirani hawajapata hata mfuko mmoja. Alinunua pia tochi ya betri sita, ndefu kuliko mkono wangu, akawa anatembea nayo hata saa sita mchana. Mkewe Ghati, binti wa mwalimu wa Bunda, alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza. Alishikwa na homa siku tatu, akapoa wiki nzima, ikarudi tena, kisha ikashuka. Klorokwini alishameza mara mbili.

“Hiyo inayokwenda na kurudi naijua,” Dafroza alimwambia Masatu. “Nahofia ni papasi.”

“Dada, usinitanie. Papasi wanakaaga kwenye udongo. Mimi nimepiga sementi mpaka chooni. Uliza Bweri nzima!”

Akampima Ghati palepale, jua likiwaka vizuri. Damu ilikuwa safi. Masatu alicheka mpaka benchi likatikisika, na kufikia jioni mwalo mzima wa wavuvi ulikuwa umesikia kwamba Mama Jua anawatafuta papasi kwenye sementi.

Niliporudisha slaidi Dafroza alizipokea bila kukagua hata moja, nikajua ameumia.

“Si kicheko, Ursula,” akasema. “Nimempima amepoa. Homa ikishuka wale wadudu wanajificha, huwaoni. Na homa hiyo inatoaga mimba. Ikirudi mara ya tatu, yule mtoto hatumpati.”

Jioni hiyo alikwenda kwa miguu hadi Bweri. Alimkuta Masatu na mama yake, bibi Nyamburi, ambaye alikuwa amehama Suguti kuja kumtunza mkamwana.

“Shemeji, nicheke unavyotaka,” alimwambia. “Lakini siku mkeo akiwaka moto, usingoje apoe. Mlete hivyohivyo.”

Siku ya sita, Alhamisi, Masatu alimleta mkewe kwa baiskeli. Ghati alikuwa anaungua hata kumshika ukaogopa. Na mvua ilikuwa inamwagika. Dirishani mlikuwa na ukijivu tu, kama maji ya kuoshea ufuta. Dafroza alichoma kidole, akaweka tone kwenye slaidi, akainama kwenye hadubini. Akasogeza kioo huku na huku. Akainua kichwa.

“Giza.”

Damu mbichi haingoji, ikikauka basi. Mimi nikageuka kumtazama Masatu aliyelowa chapachapa, na kwapani mwake, kama kawaida yake, tochi.

“Wewe! Washa hicho kitu chako!”

Akapiga magoti sakafuni, akamulika kile kioo cha chini. Dafroza akainama. Tulisikia mvua kwenye bati kwa muda ambao sikuupenda hata kidogo. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepata alichopoteza.

“Ursula, shika tochi. Shemeji, njoo uone.”

Masatu aliweka jicho. “Vinacheza,” akasema polepole. “Dada, vinacheza ndani ya mke wangu.”

Sindano ya penisilini ilipatikana, moja ya mwisho kabatini. Dafroza alituonya kwamba Ghati atatetemeka sana kabla ya kupona, na kweli alitetemeka, nasi tukamshikilia kwa blanketi mbili. Saa kumi jasho likamtoka, akaomba uji. Mtoto alikuwa anapiga mateke. Nililia bila aibu, Masatu naye akasingizia mvua.

Ila papasi walitoka wapi kwenye sementi? Kesho yake tulikwenda Bweri, mimi na Dafroza. Masatu aliinua godoro, akamulika kila kona ya ile sakafu yake, mpaka tochi ikagonga kitu uvunguni mwa kitanda. Chungu kidogo, kimefunikwa kitambaa, kimejaa udongo. Dafroza alichokoa kwa kijiti. Papasi watatu wakatembea.

Bibi Nyamburi alikuwa amesimama mlangoni.

“Ni udongo wa nyumba yangu ya Suguti,” akasema bila kujificha. “Bibi harusi wa kwetu anapokelewaga hivyo. Analala juu ya udongo wa mume, papasi wa nyumba wanamuuma, anawazoea, nyumba inamjua. Hii sementi haimjui mtu. Masatu hawamsumbui, kazaliwa nao. Mimi mwenyewe mama mkwe alinipokea vizuri, wala sikufa.”

Niliona Masatu anafungua mdomo. Dafroza akamzuia kwa mkono, akakaa kitandani karibu na bibi.

“Mama, hukufa. Na mimba yako ya kwanza?”

“Ilitoka.”

“Ya pili?”

“Ilitoka. Masatu ni wa tatu.” Akakitazama kile chungu. Alipiga hesabu mwenyewe, pale pale mbele yetu. Kisha akakichukua, akakibeba nje, akakitumbukiza kwenye moto wa jikoni kwa mikono yake. Dafroza, mwanamke wa maneno, siku hiyo alimshika tu bega.

Mtoto alizaliwa mwezi Julai, msichana, ana sauti ya baba yake. Tulipokwenda kumwona, tulimkuta bibi Nyamburi amelala kifudifudi kwenye sementi, kichwa uvunguni, anamulika miguu ya kitanda mmoja baada ya mwingine. Masatu alisema hiyo ni kila asubuhi, na betri sita si mchezo.

“Mama, unanimalizia tochi!”

“Acha iishe,” sauti ikatoka uvunguni. “Wawili wangu hawakupata mtu wa kuwamulikia.”