Inchi Tatu, fundi mgeni anayewavalisha maafisa wa mpaka

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, afisa uhamiaji amesimama katikati ya kizimba namba kumi na saba cha soko la mpakani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Mwanamke mmoja mfupi anamzunguka na tepu ya kupimia.

“Pumua kawaida, kaka. Mimi sikukagui, nakupima tu.”

Afisa anaachia pumzi. Tumbo linarudi mahali pake. Fundi anasoma tepu kiunoni, kisha anaandika kwenye daftari: thelathini na tisa.

“Thelathini na tisa?” afisa anashtuka. “Mke wangu asisikie hiyo.”

“Toa tatu,” fundi anamwambia bila kuinua kichwa. “Kila siku nawaambia, toa tatu.”

Tepu yake haina inchi tatu za mwanzo. Inaanzia kwenye alama ya inchi ya tatu, na mwanzo wake umekunjwa na kushonewa kwa uzi mwekundu. Ndiyo maana soko zima linamwita Inchi Tatu, na jina lake la kwenye karatasi wanalijua watu wawili: mama yake, na afisa huyu anayepimwa kiuno. Kila baada ya miaka miwili, yeye ndiye anayemgongea muhuri kwenye kibali cha ukaazi.

Inchi Tatu si raia wa nchi hii. Kwao ni ng’ambo ya daraja, hatua kama mia tatu hivi kutoka kizimbani kwake, na ukisimama juu ya kiti unaliona paa la shule aliyosoma. Alivuka ana miaka ishirini na tisa, kuja kushona nguo za harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja. Alikuja kwa wiki mbili. Sasa ni miaka ishirini na mbili.

“Harusi iliisha,” anasema. “Bibi harusi akapata mimba, akataka magauni mapana. Mtoto akazaliwa, akataka nguo. Mtoto akaanza shule, akataka sare. Ningeondoka lini?”

Tepu ni ya mama yake, naye alikuwa fundi. Inchi Tatu aliiunguza kwa pasi ya mkaa akiwa na miaka kumi na nne. Mama hakumchapa. Alikata kile kipande kilichoungua, akamkabidhi iliyobaki na kumwambia, “Hii ndiyo yako. Sasa utajua kutoa.”

Na kweli amejua. Kwa siku nzuri anamaliza suruali nne. Ada ya kibali peke yake inakula kazi ya miezi miwili, na foleni ya kukiomba inakula siku nyingine tatu. Mara moja, anasimulia, alisimama kwenye foleni hiyo kutwa nzima akiwatazama maafisa waliokuwa wakimtazama, wote wamevaa sare za mkono wake.

“Nilikuwa nahesabu mishono,” anasema. “Hakuna hata mmoja uliofumuka. Nikajisemea, sawa, wacha wanicheleweshe, lakini wananichelewesha wakiwa wamependeza.”

Mwaka huu upepo ulibadilika. Redioni watu walianza kupiga simu na kulalamika kwamba wageni wamejaa na wanakula kazi za wenyeji. Maneno hayo yakashuka hadi sokoni, na yalipofika sokoni yakapata mtu wa kuyabeba. Mtu huyo ni fundi wa kizimba namba kumi na nane, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamume wa miaka hamsini na tisa anayefunga vifungo vyote hadi cha shingoni hata jua likiwa kali vipi. Wanamwita Kola.

Kola alipeleka hoja kwenye chama cha soko: kizimba apewe raia tu. Mwenyekiti, ambaye anauza ndoo na mabeseni, akapanga kura ipigwe Jumamosi ya wiki ya sita. Kwa upepo huohuo, kituo cha mpaka kikamnyang’anya Inchi Tatu kazi ya sare na kumpa Kola. Sare arobaini na sita. Mkuu wa kituo akaagiza daftari la vipimo nalo likabidhiwe, maafisa wasisumbuliwe kupimwa upya.

Inchi Tatu akalikabidhi.

Hapo msomaji makini ameshaanza kucheka. Kola hakucheka, kwa sababu hakujua. Tepu yake ni nzima, ina inchi zake zote. Akafungua daftari, akaona kiuno thelathini na tisa, akakata thelathini na tisa. Mguu arobaini na tano, akakata arobaini na tano. Alishona wiki tano, na alishona vizuri.

Jumatatu ya wiki ya kura, kituo kizima kikavaa sare mpya.

“Sikumwona afisa,” anakumbuka mama muuza kuku, ambaye banda lake linatazamana na daraja. “Niliona shati linatembea. Vidole havionekani! Mtu anataka kugonga muhuri, muhuri umeingia ndani ya mkono wa shati, anautafuta. Foleni ya malori ikafika mpaka kwa wauza mkaa.”

Dereva mmoja wa lori aliuliza kwa sauti kama nchi imepunguza maafisa au imeongeza kitambaa. Akapekuliwa gari lote.

Na Ijumaa alikuwa anakuja mkubwa kutoka makao makuu kukagua gwaride.

Jioni hiyo ya Jumatatu Kola alisimama mlangoni pa namba kumi na saba. Kifungo cha shingoni kilikuwa wazi, jambo ambalo majirani wanasema hawakuwahi kuliona.

“Dada, kuna kitu.”

“Nimekiona. Kimepita hapa kikiburura pindo.”

“Ulinitega?”

“Kaka, ningekutega, ningekaa mbele kabisa nitazame. Nilisahau. Hilo daftari nimelisoma peke yangu miaka yote hii. Kwangu thelathini na tisa *ni* thelathini na sita. Wewe unamkumbusha mtu kwamba chumvi ina chumvi?”

Kola alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. Leo anapoulizwa alikuwa anafikiria nini, anajibu moja kwa moja: “Nilifikiri nimekwisha. Na nilifikiri, kama angekuwa yeye ndiye ananiondoa kizimbani, nisingemsaidia hata kwa sindano.”

Inchi Tatu naye hajifanyi malaika. “Nilifurahi. Kidogo. Andika hivyohivyo, kidogo. Halafu nikaangalia zile suruali. Mshono wake ni safi, bwana. Kazi nzuri imepotea kwa kosa la tepu yangu. Nikamwambia, lete mzigo.”

Walivunja ubao uliotenganisha vizimba viwili, cherehani zikakaa kitako kwa kitako. Yeye alichukua mashati, Kola suruali. Siku nne. Maafisa walikuja kwa zamu kukaa wamejifunga taulo nyuma ya pazia, wakisubiri suruali zao, na Inchi Tatu akiwapigia kelele: “Asiye na kibali asitoke nyuma ya pazia!”

Ijumaa mkubwa alikagua gwaride, akamsimamisha afisa wa mstari wa mbele na kuuliza nani amewashonea. Afisa, kwa woga, akataja mafundi wote wawili.

Jumamosi ikafika, na hoja ya Kola ilikuwa bado iko mezani kwa mwenyekiti.

Soko hili halina masanduku ya kura. Anayekubali anasimama upande wa mizani kubwa, anayekataa anasimama upande wa bomba la maji, kila mtu anamwona mwenzake. Kabla watu hawajajigawa, mwenyekiti alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa na kutoa maelezo yake. Sheria ipite, alisema, maana wananchi wamechoka. “Lakini Inchi Tatu tumpe msamaha maalumu. Huyu siyo mgeni. Huyu ni wetu.”

Watu walipiga makofi. Wengine walimgeukia fundi huyo kumpongeza. Kizimba chake kilikuwa kimepona, alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Sokoni kuna wengine watatu waliotoka nje: kinyozi, fundi simu na mama wa viatu vya mitumba aliyefika mwaka jana, ambaye lugha bado inampiga chenga. Hao hawakutajwa.

Inchi Tatu akaomba nafasi. Waliokuwepo wanasema hakupandisha sauti.

“Nashukuru, mwenyekiti. Msamaha wako siutaki. Mimi siku naingia hapa hakuna aliyenijua. Nilikuwa na cherehani moja na tepu mbovu. Sheria hii ingekuwepo siku ile, leo msingekuwa na mtu wa kumpa msamaha. Ikipita, nami nafunga. Ipite kwangu kama inavyopita kwa yule mama wa viatu.”

Akarudi, akakaa.

Mama muuza kuku ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa upole. “Maneno matamu, dada. Binti yangu ana cheti cha ushonaji. Kakaa nyumbani mwaka wa pili. Mimi nimlilie nani?”

“Una haki ya kulia,” Inchi Tatu alimwambia. “Lakini kizimba namba ishirini na mbili kiko wazi tangu mwaka juzi, kimefungwa kwa kufuli ya mwenyekiti, ndani kuna ndoo. Mgeni gani amekikalia?”

Kicheko kilichopigwa hapo, wanasema, kilisikika hadi ng’ambo. Mwenyekiti alishuka kwenye ndoo.

Halafu Kola akasimama. Alikuwa amevaa shati lake jipya, lililomfunika mikono hadi kwenye kucha. Fundi hajipimi mwenyewe mabega, anapimwa na fundi mwenzake, na vipimo vya Kola, vilivyochukuliwa na Inchi Tatu, vilikuwa kwenye daftari lilelile. Alikuwa amesaidia kurekebisha sare za watu arobaini na sita, shati lake akalisahau.

Alikunja mkono mmoja wa shati, akakunja wa pili, akatembea hadi kwenye bomba la maji. Akasimama huko, peke yake, mtu mwenyewe aliyeleta hoja.

Wa pili alikuwa muuza nyanya, na baada yake wakamiminika. Hoja ilianguka. Mama muuza kuku alibaki upande wa mizani hadi mwisho, na hadi leo habadilishi neno. Ila Jumatatu yake alikwenda kudai funguo za namba ishirini na mbili, na amezipata.

Kazi ya sare sasa wanafanya wote wawili, na ule ubao haukurudishwa. Tatizo lilibaki moja: daftari moja, tepu mbili. Inchi Tatu alikuwa ameshakubali kununua mpya. Asubuhi moja akamkuta Kola ameiweka tepu yake mwenyewe juu ya meza, mkasi mkononi. Kola alihesabu moja, mbili, tatu, akakata, akaishonea ncha kwa uzi mwekundu.

“Daftari lina watu mia mbili,” anaeleza, kana kwamba ni hesabu tu. “Nani ataanza kuwapima upya?”

Mwezi ujao watavuka daraja pamoja. Mama yake Inchi Tatu ana miaka themanini na moja, anataka gauni, na anataka kumwona huyo mwanamume aliyewavalisha maafisa magunia. Kola hajawahi kuvuka maishani mwake. Alidhani ni kutembea tu. Wiki iliyopita alikaa siku mbili kwenye foleni ya hati ya kusafiria, akaulizwa dirishani anakwenda kufanya nini, atakaa kwa nani, atarudi lini.

“Na aliyeniuliza, kiuno chake nakijua!” analalamika huku akijipepea kwa fomu. “Kumbe inasumbua hivi?”

“Toa tatu,” Inchi Tatu anamjibu. “Mwaka wa nne unazoea.”

Mpango wao ni kumshonea bibi huyo gauni hukohuko, kwa tepu zote mbili, yeye akiwa amekaa kitini anawakosoa. Jana usiku Inchi Tatu alimpigia simu kumtaarifu. Mama aliuliza jambo moja tu: huyo fundi anakuja na tepu nzima?

“Nikamwambia, ameshaikata, mama. Mwenyewe, kwa mkono wake.” Anacheka, anafuta chaki vidoleni. “Halafu akasema, ‘Basi ni wa kwetu. Muulize anakula nini.’”