Siku Haydée Alipogoma Kumimina

Haydée Scarpelli alikuwa fundi wa zipu. Alipinda suruali pia, akabana viuno vya sketi, lakini mtaa mzima wa Boedo ulimjua kwa zipu, kwa sababu zipu humharibikia mtu akiwa na haraka, na mwenye haraka hamsahau aliyemwokoa. Wiki nzima alikaa ameinamia cherehani. Jumamosi ndipo alipoinua kichwa. Alivaa darubini ya marehemu kaka yake shingoni, akapanda basi mpaka bustani ya Costanera, kwenye mabwawa yaliyo kati ya maghorofa na mto, akatazame ndege na wenzake wa chama.

Ndivyo alivyowaambia wateja, angalau. Ukweli ni kwamba alikwenda kumimina.

Chama cha watazama ndege Buenos Aires huwa na darubini nyingi na kibuyu kimoja. Kibuyu hujazwa majani ya yerba, chai chungu ya huko, hutiwa maji ya moto kutoka kwenye chupa, na mtu hufyonza kwa mrija wa chuma mpaka kikorome. Kisha hukirudisha kwa mmiminaji, naye humtilia wa pili, na wa tatu, mpaka duara lizunguke. Anayeanza kumimina ndiye anayemaliza. Kumpokonya chupa katikati ya duara ni tusi ambalo hata maadui hawafanyiani.

Sasa, Haydée alianza kumimina Jumamosi yake ya kwanza chamani, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakutaka aonekane amekaa tu. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, na duara lile lilikuwa halijafungwa. Hakuna aliyempigia kura, hakuna aliyemwuliza. Hivi ndivyo kazi inavyomganda mtu mwenye adabu: siku ya kwanza inaitwa ukarimu, siku ya pili inaitwa kipaji, siku ya tatu inaitwa "Haydée, maji yamepoa."

Angevumilia hata hayo, lau si Mgongo-kutu.

Mgongo-kutu ni ndege mdogo, hazidi kidole gumba kwa unene, mweusi tii, ila mgongoni kama mtu amempaka kutu ya bati. Majira ya joto anakaa kusini kabisa, Patagonia. Joto likiisha, karibu na Aprili, baridi inamsukuma kaskazini, anapita Costanera akikimbiakimbia kwenye matope ya ukingo kama aliyedondosha funguo. Wanachama wote walikuwa wamemwona. Haydée peke yake hajawahi. Mwaka mmoja alikuwa kwenye kibanda cha soseji akiomba maji ya moto. Mwaka mwingine alikuwa akipiga chafya, vumbi la yerba limemwingia puani. Mwaka jana alikuwa akimpa kibuyu daktari Iturralde, daktari wa meno na mwenyekiti wa chama, naye Iturralde badala ya kupokea akaruka na kupiga kelele, "Yule pale! Yule pale!" Haydée alipomaliza kufunga chupa, ndege alikuwa ameshavuka bwawa.

"Umemkosa tena, Haydée!" Iturralde alisema, akinyoosha mkono kuchukua kibuyu. "Lakini leo umemimina kama malaika."

Haydée alikwenda nyumbani na maneno hayo, akakaa nayo mwaka mzima.

Basi Jumamosi moja ya Aprili, majani ya mierebi yakiwa yameanza kuwa manjano, chama kilipokusanyika kwenye benchi lake, Haydée aliweka mfuko wa yerba benchini, akaweka chupa, akaweka kibuyu juu ya mfuko, kisha akarudi nyuma.

"Leo simimini," akasema.

"Mkono unauma?" aliuliza Rubén Cáffaro, dereva mstaafu wa basi, ambaye wote walimwita Mnene na yeye mwenyewe alijiita hivyo kwenye simu.

"Mkono mzima. Leo nimekuja kutazama ndege."

"Sasa siku zote ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Hata mimi najiuliza, Mnene."

Iturralde alicheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano. "Haydée, mpenzi, tuongee kama watu wazima. Mtu anaweza kumimina na kutazama kwa pamoja."

"Wewe unaweza kung'oa jino huku unatazama ndege?"

"Inategemea jino la nani," akasema Mnene.

"Kwa hiyo huu ni mgomo?" Iturralde aliuliza.

"Uite utakavyo, daktari."

Neno mgomo lilipotajwa, Mnene alivua kofia. Alipokuwa dereva aligoma mara nyingi kuliko alivyokanyaga breki. Iturralde alipomsukumia chupa, aliitazama kana kwamba ni nyoka.

"Samahani, daktari. Mimi sivunji mgomo wa mtu. Baba yangu atafufuka anizabe kofi."

"Lakini unataka kunywa?"

"Kunywa nataka sana. Kumimina ndiyo dhambi."

Wengine walijikuta kila mmoja ana kamba ya kiatu ya kufunga. Ikabaki kwa mwenyekiti. Iturralde alikuwa amesoma vyuo viwili na katika maisha yake yote hakuwahi kumimina, kwa kuwa daima palikuwa na mtu. Alikuta maji yamepoa, akaenda kibandani, akarudi nayo yakichemka kabisa. Kila mtoto wa nchi ile anajua kwamba maji yanayochemka huunguza yerba.

"Unaiua!" Mirta, mwalimu wa piano, alipiga kelele. "Tia sukari basi, angalau ife tamu!"

"Sukari? Kwenye kibuyu hiki?" Mnene akasimama. "Labda nife mimi kwanza."

Mrija ukaziba. Iturralde akaanza kuukoroga.

"Usikoroge, daktari!"

"Natafuta njia."

"Huo si mzizi wa jino!"

Kelele zilipanda mpaka wakimbiaji wa asubuhi wakageuka kutazama. Kundi zima la kasuku liliondoka mtini kwa hasira. Haydée aliwaacha. Alishuka taratibu mpaka ukingoni, pale matope yanapokutana na maji, akainua darubini kwa mikono miwili. Ilikuwa ajabu kushika kitu kimoja tu kwa mikono miwili.

Aliona batamaji wa shingo nyeusi wakipita kwa maringo. Aliona chupa ya plastiki, akaisamehe. Halafu, kando ya tawi lililolala kwenye matope, kitu cheusi kikakimbia, kikasimama, kikakimbia tena. Kikageuka. Mgongoni palikuwa na kutu.

Haydée aliikaza darubini. Ndege alikuwa mdogo kuliko alivyomwaza, na mwekundu zaidi. Alidonoa mdudu, akatikisa mkia, akamtazama Haydée kwa jicho moja, hana habari kwamba kuna mwanamke aliyemsubiri tangu nywele zake hazijaanza mvi.

Hapo akakumbuka sheria. Chama kilikuwa na sheria moja tu: ndege aliyeonwa na mtu mmoja hajaonwa. Lazima shahidi. Bila kugeuka, Haydée aliinua mkono na kupunga.

Watu wote walikuwa wamekizunguka kibuyu kama wanaopasua mgonjwa. Aliyeuona mkono ni Mnene peke yake, na kwa bahati mbaya ndiyo kwanza amepewa zamu. Akaja akinyata, mwili wake wote ukinyata, kibuyu kimejaa mpaka mdomoni.

"Wapi?" akanong'ona.

"Kando ya tawi. Chukua darubini."

Mnene alitazama mkono wake. Kibuyu kina tako la mviringo. Hakisimami chini, na yerba haimwagwi. Akamnyooshea Haydée. "Nishikie, mama."

Mkono wa Haydée ulikwenda wenyewe. Miaka tisa haiondoki asubuhi moja. Vidole vilikuwa vimeshagusa kibuyu alipovirudisha na kuvitia mfukoni.

"Hapana," akasema. "Kinywe."

Mnene akakinywa. Akavuta chote kwa mkupuo, maji yale ya kibandani, na ngurumo iliyomtoka ilisikika mpaka upande wa pili wa bwawa. Mgongo-kutu akaruka, akawa nukta, akaisha.

Chama chote kilikuja mbio.

"Nani? Nini?" Iturralde alihema.

"Mgongo-kutu," alisema Haydée. "Dume."

Iturralde alitazama matope matupu muda mrefu. "Shahidi?"

"Mimi!" Mnene alisema, ulimi nje, machozi yakimtiririka. "Nimemwona kabisa. Mweusi, mzuri."

Wote wakamgeukia Haydée. Alikuwa ameungojea mlango huu, na sasa umefunguliwa na mtu aliyeungua kwa ajili yake. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu.

"Hakuona kitu," akasema. "Alikuwa anaungua. Asante, Mnene, lakini sijamngoja ndege wa kweli miaka yote hii ili nimwandikishe kwa uongo."

"Basi kichama hajaonwa," alisema Iturralde, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

"Kichama hajaonwa. Mimi nimemwona."

Upepo ulileta harufu ya soseji. Mirta alikohoa. Iturralde alitazama kibuyu, kijani kibichi kimekuwa rangi ya maji ya mferejini, akatazama viatu vyake, kisha akasema karibu kwa haya, "Haydée, kwa kuwa umeshamwona... huwezi sasa kutuokoa na hiki kitu?"

Haydée alikuwa ameshainua darubini tena.

"Nimemwona dume, daktari," akasema, akianza kuambaa ukingo. "Jike bado. Jike ni wa kahawia, kumwona ni kazi ya msimu mzima. Njooni nyuma yangu, na mpunguze kelele. Na hayo maji, yaacheni kwanza yapoe."

Wakamfuata kwa mstari mmoja, mwenyekiti akiwa wa mwisho, chupa kwapani na kibuyu mkononi, akiuliza kila mtu kwa kunong'ona ni kiasi gani hasa cha kupoa.