Gunia la Kwenda Laela

Flavian wa Pito alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango, na wanakwaya waliujua ugonjwa wake kabla ya mkewe: alipenda mwendo. Utukufu aliuongoza mbio mpaka sauti ya nne ikafika Amina ulimi nje, na padri alimvumilia kwa sababu misa iliisha mapema. Mtu wa namna hiyo Mungu, kwa utani wake, alimjalia kigari cheupe chenye injini kama ya cherehani, kisichokunywa mafuta na kisichokwenda. Kwenye mlima, wenye baiskeli walimwamkia shikamoo huku wakimpita.

Basi mwezi wa pili, mbele ya duka la Abdulnasir pale mjini, akaiona. Gari aina ya saluni, nyeusi ya Kijapani, silinda sita, viti vya ngozi, imetumika lakini haijachoka. Abdulnasir, ambaye ukoo wao huuza kila kitu kuanzia misumari hadi tiketi za basi, alisema anaiuza. Alipoulizwa inakunywaje, hakuficha. Inakunywa mara mbili ya hicho chako, mzee wangu.

Flavian akapiga hesabu. Sasa, Ufipa mtu hapigi hesabu kwa shilingi. Shilingi ni za kuwafurahisha watu wa benki. Hapa kila kitu hupimwa kwa debe la mahindi: viatu, ada ya shule, mahari, na kama padri angeruhusu, hata dhambi. Akaona kwenda Laela kwa shemeji yake na kurudi, saluni itakula madebe matatu. Kigari chake kilikula moja na nusu. Yaani kwa ajili ya debe moja na nusu mwanamume mzima atambae mpaka kaburini? Akageuza matairi mapana, spea na bima kuwa madebe, nayo yakatoka machache, ya kupendeza.

Bei ya kuinunua ndiyo iliyokuwa na meno. Ilitaka kigari kiende, na maksai wawili waende pia, wale waliolima shamba lake na mashamba ya nusu ya Pito kwa kukodishwa. Ikapita miezi, saluni haijapata mtu, mavuno yakaingia. Nestory wa Kaengesa alishakuja kuwapapasa maksai mapaja, akaahidi kuja kuwachukua Jumamosi. Bila maksai, msimu ujao ni jembe la mkono, yeye na mkewe Bertilla. Flavian alijiambia gari litaleta mambo. Mambo gani, hakujiambia. Usiku alisikia ng'ombe wakicheua zizini, akageukia ukutani.

Alhamisi Abdulnasir akampa funguo aijaribu, mradi mafuta aweke mwenyewe. Flavian akajaza tangi, akampakia Bertilla, akajiandaa kwa mahubiri. Maana mke mwenye akili angekataa, yeye angenuna, na mambo yangeishia hapo kwa heshima.

Walipoupa mji kisogo akakanyaga mafuta. Saluni ikaondoka kama imetukanwa. Bertilla akachomoa rozari kwenye mkoba. Flavian akamhurumia, akalegeza mguu.

"Mbona unapunguza, Baba Lucia?"

"Nimeona unasali."

"Naomba trafiki wasiwepo. Kanyaga."

Hapo Flavian aliogopa kweli. Tumaini lake la mwisho lilikuwa limefunga mkanda na kufungua dirisha.

Laela walimkuta Timoth, kaka yake Bertilla, mnunuzi wa mahindi, kasimama kando ya mizani yake chini ya turubai. Aliizunguka saluni, akaisifu vya kutosha. Flavian akavimba, akamweleza hesabu: madebe matatu tu, kwenda na kurudi.

"Madebe ya lini, shemeji?"

"Debe ni debe."

"Hayo ni ya mwezi wa pili, watu wana njaa. Wewe huuza mwezi wa saba, na anayekununulia ni mimi." Akamwonyesha magunia yaliyopangwa hadi barabarani. "Kwa bei ya leo, safari yako hii ni gunia zima na debe juu."

Flavian akakaa juu ya gunia, pengine la kwake mwenyewe. Akahesabu upya. Matairi yakawa rundo. Spea zikawa ghala. Na ghala lenyewe hujazwa na nani, kama si wale wawili aliowaahidi kwa Nestory? Alitegemea kusikia uchungu. Badala yake kifua kikafunguka, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameipata tangu mapaja yale yapapaswe. Akampigia Nestory simu palepale kwamba Jumamosi asije. Nestory akasema sawa, hata hivyo yule wa kushoto ana kiburi.

"Kwa hiyo hatununui?" Bertilla akauliza.

"Hatununui."

"Ahsante Mungu. Mgongo wangu ulishaanza kuuma kwa jembe ambalo sijashika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenunua."

Wakacheka mpaka Timoth akawaomba waondoke, wanamfukuzia wateja.

Likabaki suala la mafuta. Tangi lilikuwa na zaidi ya nusu, na Abdulnasir si mtu wa kurudisha yaliyomo. Kumwachia ni sadaka, na wao sadaka hutoa kanisani. Basi walirudi mbio, wakaufikia mji, wakageuza, wakaitafuta tena lami iliyonyooka. Bertilla alichagua miteremko.

Jioni walimkabidhi Abdulnasir funguo, taa ya mafuta inawaka manjano. Akaitazama taa, akawatazama wao, kilemba cha Bertilla kimehamia shingoni.

"Mmeionaje?"

"Gari zuri mno," alisema Flavian, kwa moyo mweupe wa mtu asiyelinunua. "Litafutie tajiri."

Abdulnasir akashusha pumzi. "Nilipolinunua, mzee wangu, nilidhani huyo tajiri ni mimi."