Chupa ya Miezi ya Giza

Kabla ya kufungua chupa, fundi wetu wa maabara huloweka mikono kwenye beseni la maji ya barafu mpaka vidole vife ganzi. "Mgeni haamshwi kwa mikono ya moto," husema. Ndiyo maana tunamwita Mama Barafu, na ukimpa mkono asubuhi utaruka. Maji ya chupa hizo huchotwa kila mwezi chini ya barafu ya bahari, huko kwenye ncha ya dunia, na kazi ya Mama Barafu ni kuhesabu bakteria waliomo: jicho kwenye hadubini, kidole gumba kikibonyeza kihesabio, tik, tik, huku akiimba chini chini. Akimaliza huanza upya, maana hesabu ya kwanza, kwake, ni salamu tu.

Juzi ilikuwa zamu ya chupa ya katikati ya giza, wakati jua la kule halichomozi kabisa. Mkuu wetu akasema, "Mama, hiyo iache. Andika sifuri, twende na inayofuata." Mama Barafu alivuta kiti, akaloweka mikono. Tik. Kimya mpaka chai zetu zikapoa. Tik.

"Wapo," akasema. "Wachache. Hawajafa, wamebana matumizi tu."

Leo amefungua chupa ya jua la kwanza. Kihesabio kinalia kama mvua kwenye bati, hata kuimba ameacha. Mkuu amesimama mlangoni, anasikiliza. Mama Barafu hainui jicho.

"Mwanangu," anamwambia, "hawa wote ni watoto wa wale uliotaka niwaandike sifuri."