Mwatumu Alivyoupandisha Ufagio Juu ya Kabati

Dada yangu Mwatumu wa Nguvumali alikuwa akiuza vitumbua, na vitumbua vyake vilisifiwa mpaka Raskazone, ingawa aliyevisifu huko ni mimi. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaacha kwa kuwa mwalimu alishaanza kujifunza kwangu. Kwa hiyo niaminini ninaposimulia habari za watu.

Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu. Idarusi akaenda Unguja, Chiku akaolewa Pangani, akabaki Sadalla, kitinda mimba. Mwaka mzima dada alikuwa akilalama, "Huyu naye aondoke, nile wali wangu kwa raha." Basi Agosti ya mwaka hamsini na nne, kipupwe kikielekea kwisha, Sadalla akapata kazi kwa fundi cherehani Mombasa. Dada akamfungia mkate wa kumimina, akamwombea dua, akamsindikiza hadi kwenye basi bila chozi. Mimi nililia kidogo. Vumbi.

Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi siku ile. Ukifagia umefuta nyayo zake, hataiona tena njia ya kurudi. Kesho yake watu hufagia, maisha yakaendelea. Mwatumu hakufagia kesho yake, wala keshokutwa. Ufagio akaupandisha juu ya kabati.

Utingo wa basi akaleta habari: Sadalla kavuka mpaka wa Horohoro salama, kafika, na fundi keshampa suruali za kupiga pasi.

"Haya, dada, kafika," nikasema. "Shusha ufagio."

"Kufika kafika. Kurudi je?"

"Kwani mtu hurudi kabla hajakaa?"

"Siku ya Idarusi nilisahau, nikafagia mchana ule ule. Wewe umemwona Idarusi hapa?"

Nikajitwalia kitumbua, nikaenda zangu.

Nyumba ikachafuka. Vifuu vya nazi vikajaa mlangoni, kuku akataga chini ya kitanda cha Sadalla bila kumuuliza mtu. Jirani, Bi Semeni, akawa anapiga hodi na kuagana papo hapo barazani. Wateja wa vitumbua wakawa wanachungulia, kisha wanapitiliza. Nikaona bila akili yangu dada atafunga biashara.

Nikanunua karanga za maganda, nikaja na mkeka kwapani, nikaketi katikati ya sebule nikimenya na kumwaga chini.

"Unafanya nini, Uweso?"

"Nahamia. Chumba cha Sadalla kitupu, na mwenye nyumba hana habari na taka. Leo tunapika nini?"

"Ondoka."

"Kitanda chake kifupi, lakini nitakunja miguu. Na hii kofia aliyoiacha msumarini, yanienea?" Nikaivaa.

Ufagio ukashuka. Hakunipiga. Alifagia maganda, mkeka na mimi, akanipitisha ukumbini, akanishusha barazani, akanifikisha barabarani, Bi Semeni kashika mbavu kwa kicheko.

"Nenda, na nyayo zako nazifuta. Usirudi."

Nilipogeuka nikamwona kasimama mlangoni, anaitazama sakafu safi kama mtu aliyevunja chungu cha kuazima. Alikuwa amefagia nyayo zote, si zangu peke yangu.

Asubuhi yake nikapiga hodi.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Uliyemfagia jana."

Akatoka, macho mekundu, kawa la kufunikia vitumbua mkononi.

"Dada, umezifuta nyayo zangu zote, ukaniapiza nisirudi. Mbona njia nimeiona?"

"Wewe hata ukifagiwa na gharika utarudi. Harufu ya vitumbua inakuvuta."

"Na Sadalla kalelewa kwa vitumbua vya nani?"

Akanipa kitumbua kilichoungua upande mmoja, akanivua ile kofia, akaikung'uta, akaitundika msumarini pale pale. Kisha akachukua ufagio, akatoka hadi barabarani, akaanza kufagia polepole, akielekea ndani.