Aproni ya Kuchumia Chai

Nikipita kituo cha kununulia majani chai wakati wa mvua, harufu ya plastiki iliyoloa hunirudisha kwenye geti letu.

Wakati wa corona Baba alikuwa daktari mjini Kisii, na nguo za kujikinga zilikuwa zimeisha wodini. Mama mmoja aliyekuwa akituchumia chai alivua aproni yake ya plastiki, akaitundika getini.

"Daktari avae. Majani hayakohoi."

Yeye akajifunga gunia la mbolea kiunoni, akaingia shambani mvua ikinyesha.

Nguo za kujikinga zilipofika, Baba alimrudishia aproni yake kwa juu ya geti, ikinuka dawa. Yule mama aliivaa palepale huku akikohoa.

"Mama, umeanza kukohoa lini?"

"Tangu nivae gunia." Akacheka kidogo. "Aproni yangu imefika hospitali, Daktari. Mimi bado."

Baba hakucheka. Miezi hiyo yote alikuwa akilala stoo, chakula chake nikikiacha mlangoni, na hakuwa amenigusa hata mimi. Alinawa mikono kwa sabuni, akafungua geti, akamwekea yule mama kiganja kwenye paji la uso.