Kompyuta Zisizohesabiwa

Mama mkwe wangu hakunibembeleza kwenye simu. Alisema, "Kuja na hiyo kompyuta yako. Utatengenezea hapa kwangu nikiona." Nikafunga ofisi yangu ya chumba kimoja pale Kitengela, nikashika barabara ya Namanga hadi kwake, nyuma kidogo ya Bisil. Mimi ni mtu wa kiburi kwenye kazi yangu, lakini siku hiyo kiburi nilikiacha nyumbani, maana kosa lilikuwa langu.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimewatengenezea wanawake wa kikundi chake huduma ndogo ya simu. Siku ya soko la mifugo, karani wa soko anaandika kama wanunuzi wamefika. Mwanamke aliye mbali anatuma neno moja, anajibiwa kabla hajatoa mbuzi zizini. Ila huduma yote ilibebwa na kompyuta moja tu niliyokodi mtandaoni, na kila alfajiri ya soko, watu walipouliza wote kwa pamoja, ilizimia. Mara ya mwisho hawakujibiwa, wakatembea saa nyingi na mbuzi wao, wakakuta soko halina mnunuzi, wakarudi na jua la mchana. Mama mkwe ndiye aliyewashawishi kuniamini. Mmoja wao alimwambia mbele ya kikundi kizima kwamba simu ikinyamaza tena soko lijalo, asiwaletee kamwe maneno ya mke wa mwanawe. Soko hilo lilikuwa kesho yake.

"Takwenya, Pakine," alinisalimia.

"Iko, Pakine."

Tunaitana hivyo sisi wawili kwa sababu siku niliyoolewa alinipa mbuzi, na mbuzi kwa Kimaa ni enkine. Mimi ni Mkamba, Kimaa changu hakivuki salamu, lakini jina hilo nalipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Tuliketi nje karibu na tangi la maji, mahali pekee pale bomani panaposhika mtandao vizuri. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Yeye akavuta kiti hadi mabega yetu yakagusana.

Nikamweleza nilivyoweza. Programu yangu nilishaifungasha pamoja na kila inachohitaji. Kifurushi hicho tunakiita kontena. Sasa nilitaka kundi la kompyuta, yaani klasta, zibebe nakala nyingi za kontena hiyo, ili moja ikilemewa nyingine zipokee.

"Hao kompyuta wako wapi?" akauliza.

"Wako mbali, Pakine, ng'ambo. Tunawakodi tu."

"Na nani anawachunga?"

"Ni wenyewe, hiyo kampuni. Mmoja akianguka wanaleta mwingine, mimi sisumbuki."

"Hapo sawa," akasema, akatulia kabisa.

Nikaanza kuandika amri yenyewe, ndefu, kwa uangalifu wa mtu anayetazamwa na mama mkwe. Unda klasta. Jina lake hili. Iwe katika mkoa huu, isambazwe kwenye majengo yote matatu ya kampuni katika mkoa huo, umeme ukipotea kwenye jengo moja mengine yaendelee. Nina tabia ya kusema kwa sauti kile ninachoandika. "Sasa naweka ngapi. Nataka watatu..."

Alinishika mkono. "Wacha! Unahesabu hao, na bado hawajafika?"

Katika boma lile mifugo haihesabiwi, kuhesabu huleta mkosi. Mtu anatazama kundi jioni linapoingia, anajua kwa rangi na pembe ni nani hayupo. Ningeweza kumwambia kwamba kompyuta si mbuzi, lakini dakika mbili nyuma nilikuwa nimekubali kwamba zinachungwa. Nikafuta idadi. Sikuwa na wasiwasi, maana nilijua usipotaja idadi mtambo hukupa tatu, na tatu ndizo nilizotaka. Nikabonyeza, mistari ikaanza kushuka, naye akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi na vikombe klasta ilikuwa imesimama. Nikaandika amri ya kuorodhesha kompyuta zote. Nikatazama. Nikatazama tena. Nilikuwa nimesahau kwamba ni tatu kwa kila jengo, na majengo ni matatu. Nikaanza kucheka hadi chai ikamwagika.

"Nini?"

"Wamekuja wengi, Pakine."

"Wengi ni mbaya?"

Nilitaka kuzipunguza palepale. Lakini kupunguza kunataka uandike idadi, na yeye alikuwa hajaondoka kwenye kiti chake. Nikasema basi, nitazipunguza soko likiisha. Nikatuma kontena zangu, nakala zikasambaa kwenye kompyuta zote, akajaribu kwa simu yake mwenyewe, akajibiwa papo hapo. Akapiga makofi.

Alfajiri hakukuwa na makofi. Mbuzi wake walikuwa wameshafungwa kamba, naye amesimama na shuka begani, simu mkononi. Akatuma neno lake. Jibu likaja: "Leo msije. Korongo limejaa maji upande wa Kajiado. Malori ya wanunuzi hayajavuka."

Pale bomani halikuwa limeanguka hata tone la mvua, nani angejua? Habari ikavuma. Waume wakauliza, majirani wasio wa kikundi wakauliza, wengine wakauliza mara tatu kwa sababu hawakuamini. Maswali yalipanda kuliko nilivyowahi kuona, na nikaona wazi kwamba kompyuta tatu zisingetosha. Nilishikilia kigoda kwa mikono miwili. Hakuna iliyoanguka. Kila mtu alijibiwa, na moyo wangu ulijaa furaha mpaka nikaona aibu kidogo.

Mama mkwe hakutaka kutazama skrini. Alikwenda hadi mlangoni mwa boma, nikamfuata. Pale chini inapita njia ya vumbi ambayo wanawake wote wa kikundi huifuata kwenda soko. Jua likatoka, tukangoja. Hakupita mtu.

Simu yake ikalia, akaweka sauti ya nje. Alikuwa yule mwanamke aliyemsema mbele ya kikundi.

"Mama, uko wapi?" mama mkwe akamuuliza.

"Niko kwangu," yule akajibu, akicheka. "Hata viatu sijavaa."